Umefiwa Ukiwa Mbali: Mwongozo Kamili wa Kwenda Kutazama Maua ya Cheri

Simu ya msiba kwa anayeishi Marekani mara nyingi huingia usiku wa manane, kwa sababu nyumbani kumekwisha kucha. Ukiona jina la kaka yako saa nane za usiku unajua kabla hujapokea. Yanayofuata yanafahamika: kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anateuliwa, rambirambi zinaanza kuchangwa, kisha unaulizwa kwa upole, je, utaweza kuja? Wengi hawawezi. Makaratasi hayajakamilika na ukitoka hutarudi, likizo imekwisha, nauli ya ghafla inapita mshahara wa mwezi, au marehemu ni Mwislamu na atakuwa amezikwa kabla ndege yako haijaruka. Unafuata mazishi ya mama yako kwenye simu, mtandao unakatika wakati jeneza linashushwa, na keshokutwa unaingia zamu.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo, hasa anayeishi Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia, ambako Waafrika Mashariki tuko wengi. Unahusu jambo dogo: kutenga asubuhi moja ya majira ya machipuko, kwenda Tidal Basin, bwawa la Washington lililozungukwa na miti ya cheri, wakati miti hiyo imechanua, na kuomboleza pale kwa makusudi. Aliyezika ana kaburi la kurudia, ana matanga aliyokaa na tarehe ya kuyaanua. Aliyekosa mazishi hana mahali wala siku, kwa hiyo msiba wake humwandama kwenye basi, kwenye foleni ya dukani, kwenye choo cha kazini. Asubuhi ya maua inampa mahali na saa. Zaidi ya hapo siahidi kitu.

Kwanza: je, ni adabu kutazama maua ukiwa na msiba?

Wazee wetu wangeuliza hivyo, na wana haki ya kuuliza. Wenye desturi hii ni Wajapani, na wao waliulizana swali hilo hilo nchi nzima mwaka 2011. Tarehe 11 Machi mwaka huo tetemeko na tsunami viliipiga pwani ya Tohoku, kaskazini mashariki mwa Japani. Watu zaidi ya 18,000 walikufa au hawakuonekana tena. Majuma machache baadaye maua ya cheri, wenyewe wanayaita sakura, yakachanua Tokyo. Gavana wa jiji, Shintaro Ishihara, aliwataka watu wajizuie, kwamba haukuwa wakati wa kukaa chini ya miti wakinywa na kupiga soga. Bustani za jiji zikaweka matangazo ya kuomba watu wasifanye karamu. Waliopinga walitoka Tohoku kwenyewe: watengenezaji wa sake, pombe ya mchele, wa mkoa wa Iwate walirekodi video wakiwaomba Wajapani wenzao waende wakatazame maua kama kawaida na wanunue bidhaa za kaskazini, kwa kuwa huko kujizuia kwa watu wa Tokyo kulikuwa kunawamaliza waliosalia.

Ninaliegemea jibu la watu wa Iwate kwa sababu ndio waliofiwa. Na pale Rikuzentakata, mji wa mkoa huo huo uliofagiliwa na maji, wakazi walianza mwaka ule ule kupanda miti ya cheri pale mawimbi yalipokomea. Mstari wenyewe una urefu wa kilomita kama 170, na mpango ni mti mmoja kila mita kumi, yaani miti 17,000, ili vizazi vijavyo vikisikia tetemeko vijue vikimbilie juu ya mstari wa maua. Pia huko Japani juma la ikwinoksi ya Machi, usiku na mchana vinapolingana, ni juma la kwenda makaburini: watu huosha mawe ya makaburi, huweka maua, huchoma ubani. Siku chache baadaye sakura huchanua, na baadhi ya sehemu maarufu za kuzitazama Tokyo ni makaburi yenyewe, Aoyama na Yanaka. Basi mtu mwenye msiba hawi mgeni chini ya miti hii.

Kuna tahadhari mbili. Mjane aliye kwenye eda, eda ndiyo kwanza. Maua yatakuja mwaka ujao, na kama ana shaka amuulize sheikh wake, asiniulize mimi. Na usiende katika juma la kwanza la msiba. Juma hilo mwili una ganzi, simu hazikatiki, na kila mtu anataka kujua mchango umefika wapi. Baada ya arobaini ni bora zaidi, wakati wapigaji simu wameadimika. Msiba wa mwaka jana au wa miaka mitano iliyopita unafaa vilevile.

Hatua ya 1: Ijue kalenda ya miti

Miti ya Tidal Basin ilitoka Tokyo. Shehena ya kwanza, miti 2,000, ilifika mwaka 1910 ikiwa na wadudu na magonjwa, ikachomwa moto yote. Meya wa Tokyo, Yukio Ozaki, akatuma mingine 3,020, na tarehe 27 Machi 1912 mke wa rais, Helen Taft, pamoja na mke wa balozi wa Japani, Bi Chinda, wakapanda miwili ya kwanza. Mingi ya asili ilishakufa na kubadilishwa. Iliyobaki ni vikongwe vyenye mashina meusi yaliyopindapinda.

Aina iliyo nyingi ni Yoshino, ua lenye petali tano, jeupe lililogusiwa waridi. Idara ya Hifadhi za Taifa hutangaza ubashiri wake kila mwaka karibu na mwanzo wa Machi, kisha hutoa taarifa ya hatua baada ya hatua: matumba ya kijani, maua madogo yanayojitokeza, vikonyo vinavyorefuka, matumba meupe yaliyovimba, halafu kilele. Kilele maana yake ni asilimia 70 ya maua ya Yoshino yamefunguka. Ukisikia kwamba matumba meupe yamevimba, jua zimebaki kama siku nne hadi sita.

Kwa kawaida kilele huangukia kati ya juma la mwisho la Machi na juma la kwanza la Aprili, lakini usiombe ruhusa kazini kwa kutegemea hilo. Mwaka 1990 kilele kilifika tarehe 15 Machi. Mwaka 1958 kilichelewa hadi 18 Aprili. Mwaka 2017 baridi ya ghafla ya Machi iliua karibu nusu ya maua ya Yoshino yakiwa hayajafunguka. Kwa hiyo usimwambie msimamizi wako tarehe. Mwambie umefiwa, unahitaji asubuhi moja, na utamjulisha siku mbili kabla. Wengine hukubali. Asipokubali, badilishana zamu na mwenzako, au nenda kabla ya zamu, kwa kuwa saa ninayoipendekeza ni ya mapema sana.

Hatua ya 2: Chagua siku ya kuanguka

Hapa ndipo ninapotofautiana na kila mwongozo wa watalii. Wao watakutaka ufike siku ya kilele. Siku hiyo Tidal Basin ni soko: maharusi wanapigwa picha, mabinti wa miaka kumi na tano wamevaa magauni ya kufagia lami, vijana wanatingisha matawi ili petali ziwadondokee kwenye video. Hakuna ubaya, ni furaha yao. Lakini mtu aliyefiwa akiingia katikati ya furaha ile hujisikia mkosaji, au hukasirika, na hasira ya namna hiyo hukaa moyoni siku nzima.

Nenda siku tatu mpaka sita baada ya kilele kutangazwa. Wakati huo upepo wowote unamwaga petali. Zinaanguka zikiwa bado mbichi, hazijanyauka, zinatanda juu ya maji ya ukingoni na kujikusanya kwenye pembe za njia. Umati umepungua, kwa sababu wapiga picha wanaona mambo yamekwisha. Angalia utabiri wa hewa: mvua kubwa au upepo mkali usiku mmoja unaweza kumaliza kila kitu, kwa hiyo ukiona dhoruba inatabiriwa, wahi siku moja kabla.

Nina sababu nyingine ya kupenda siku hizo. Ukifika kwenye kilele unaombwa ustaajabu, na mtu mwenye msiba amechoka kuombwa aonyeshe uso fulani. Ukifika wakati wa kuanguka huombwi kitu. Kinachotokea mbele yako kinakwisha, kila mtu aliyepo anajua kinakwisha, na hakuna anayejaribu kukizuia au kukusemesha kwamba kila jambo lina sababu.

Ukiwa pale utaona pia kwamba miti ya Yoshino huchanua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Sababu yake si ya kishairi. Miti yote ya aina hiyo, ya Tokyo na ya Washington, ni vipandikizi vilivyotokana na mti mmoja, damu moja kabisa, kwa hiyo joto lile lile linaiamsha siku ile ile. Familia haiko hivyo. Dada yako aliyemuuguza baba miaka miwili anaweza kuwa alishamaliza kulia kabla hajafa, na sasa anashughulikia shamba na hati. Wewe uliyekuwa mbali ndiyo kwanza unaanza. Ugomvi mwingi wa misiba ya mbali unatoka hapo: mmoja anaona mwenzake hana uchungu, mwenzake anaona huyu wa Marekani analilia kamera. Kabla hujaenda kwenye maua, wasamehe wa nyumbani kwa kutolia kwa saa yako.

Hatua ya 3: Fika alfajiri

Mwishoni mwa Machi jua la Washington huchomoza karibu saa moja asubuhi. Lenga kuwa ukingoni mwa maji saa kumi na mbili na nusu, kukiwa na mwanga wa kwanza. Utawakuta wakimbiaji, wapiga picha wachache wenye kamera zilizosimamishwa juu ya miguu mitatu, na bata. Chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Jumamosi usijaribu.

Saa hiyo ina faida nyingine ambayo ni yetu sisi. Kuanzia Machi, saa za Marekani zikishasogezwa mbele, tofauti kati ya Washington na Nairobi au Dar es Salaam ni saa saba. Saa moja asubuhi ya kwako ni saa nane mchana kwao. Bujumbura, Kigali na Bukavu ni saa saba. Watu wamekula, jua ni kali, wamekaa barazani au chini ya mwembe. Hakuna wakati mzuri zaidi wa kupiga simu nyumbani, na nitalirudia hilo.

Panda metro hadi kituo cha Smithsonian, kisha tembea kama robo saa hadi dakika ishirini. Usije na gari. Maegesho karibu na Tidal Basin msimu huo ni mateso hata alfajiri, na kuzunguka ukitafuta nafasi kutakula utulivu wote uliotoka nao nyumbani. Ukilazimika, kwa mfano una mzee, mwombe mtu awashushe na aondoke.

Kabla ya kutoka tazama kama kuna sehemu ya njia iliyofungwa. Ukuta wa bwawa ulikuwa umedidimia kiasi kwamba maji ya bamvua yalikuwa yanafunika njia mara kwa mara, na kazi ya kuujenga upya ilianza mwaka 2024. Zaidi ya miti 100 ya cheri ilikatwa kupisha kazi hiyo. Mmojawapo ulikuwa ule uliopewa jina la utani Stumpy, gogo lenye uwazi tumboni ambalo bado lilikuwa linachanua kila mwaka, na watu walimiminika kuuaga. Vipandikizi vyake vilichukuliwa kabla haujakatwa.

Hatua ya 4: Amua utakwenda na nani

Peke yako, au na mtu mmoja. Wakizidi wawili mnaunda msafara, na msafara una mazungumzo yake: nani kasema nini kwenye kikao, nani hajatoa mchango. Mtu huyo mmoja awe anayejua kunyamaza. Mara nyingi huwa siye rafiki wa karibu kuliko wote. Anaweza kuwa jirani, au yule mama wa kanisani au msikitini ambaye alikuja siku ya tatu na sufuria ya pilau, akaosha vyombo akaondoka.

Mwambie mapema unachotaka: tutatembea, sitasema sana, nikilia usinibembeleze. Na jihadhari na wenye mahubiri ya maua. Yupo atakayekuambia kwamba cheri inatufundisha uzuri wa kufa mapema. Mafundisho hayo yana historia mbaya. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Japani liliutumia mno mfano huo kuwaaga vijana waliopelekwa kufa. Lilitengeneza hata bomu lenye mabawa, lililorushwa na rubani ambaye hakutarajiwa kurudi, likaliita Ohka, yaani ua la cheri. Mtoto wako aliyekufa na malaria au kwenye ajali ya bodaboda hakuanguka kama ua. Kama uliyekuja naye anaanza wimbo huo, mwombe akanunue kahawa.

Watoto waende, kama marehemu alikuwa bibi au babu yao. Hasa waliozaliwa huku, ambao walimjua bibi kwenye skrini tu na hawajui walie vipi. Wape kazi: wahesabu petali za ua moja, watafute mti mzee kuliko wote.

Hatua ya 5: Beba vichache

Koti, alfajiri ya mwisho wa Machi ina baridi ya kuuma hata kama mchana utakuwa na joto. Viatu vinavyovumilia maji. Mkeka au kanga ya zamani ya kukalia. Chai kwenye chupa ya moto, yenye tangawizi ukipenda, na kitu cha kutafuna, kwa kuwa anayelia na njaa huishia na maumivu ya kichwa. Leso. Dawa ya mzio kama chavua hukusumbua. Msimu wa maua haya ndio msimu wa chavua ya miti mingine pia, na si vizuri kushindwa kutofautisha machozi na mafua. Chaja ya kubebea. Picha ya marehemu ikiwa unayo ya karatasi.

Vyoo vya kuhamishika huwekwa msimu wa tamasha la maua, ila pita cha nyumbani kabla.

Hatua ya 6: Anzia kwenye taa ya mawe

Watalii huelekea moja kwa moja kwenye jengo la kumbukumbu la Jefferson, lile la kuba jeupe. Wewe anzia ukingo wa kaskazini, karibu na barabara ya Independence, ambako kuna taa kubwa ya mawe ya Kijapani. Ni taa ya msiba. Ilichongwa mwaka 1651 kumkumbuka mtawala Tokugawa Iemitsu aliyefariki mwaka huo, ikasimama kwa karne tatu kwenye eneo la hekalu moja la Ueno, Tokyo, kisha ikaletwa Washington mwaka 1954, miaka tisa baada ya nchi hizo mbili kumaliza kuuana. Karibu nayo ndipo ilipo ile miti miwili ya kwanza ya mwaka 1912, yenye kibao chake.

Simama hapo na utaje jina la marehemu kwa sauti. Jina kamili, kama lilivyosomwa kwenye mazishi ambayo hukuwepo: fulani bin fulani, au jina la ubatizo na la ukoo. Kwa watu wengi hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu huku ugenini hakuna aliyewahi kulitamka. Ukishindwa, endelea na safari, utalitaja baadaye.

Kisha tembea ukiyaweka maji mkono wako wa kushoto, ukipita kumbukumbu ya Martin Luther King. Mzunguko mzima una kilomita kama tatu na nusu. Kwa mwendo wa mtu mwenye huzuni na vituo vyake, weka saa moja na nusu. Huhitaji kuumaliza. Sehemu ya kwanza tembea bila kuzungumza na bila simu mkononi. Ukitaka picha piga moja, ya kuwatumia nyumbani, urudishe simu mfukoni. Nimeona watu wakimaliza mzunguko wote wakiwa wametazama maua kupitia kioo cha sentimita chache, na nyumbani wanarudi na picha mia zinazofanana.

Ukifika kumbukumbu ya Franklin Roosevelt utakuta vyumba vya mawe visivyo na paa, na kuta zinazomwaga maji. Maji hayo yakiwa yamefunguliwa yana kelele ya kutosha kufunika kilio. Kama ulikuwa unatafuta mahali pa kulia kwa sauti bila kuitiwa polisi na msamaria mwema, ni hapo. Wamarekani wakikuona unalia watakusogelea kukuuliza kama uko salama. Ni wema, usiuchukie. Mwambie umefiwa na mzazi, mshukuru, ataendelea na mbio zake.

Hatua ya 7: Chagua mti mmoja, ukae

Usichague ule mzuri. Chagua unaoweza kukaa chini yake bila kukanyaga mizizi wala kuzuia njia, na unaoweza kuutambua tena mwaka ujao: ulioinamia maji, au wenye kibonge kwenye shina. Tandika mkeka. Sasa fanya yale ambayo ungeyafanya matangani kama ungekuwepo.

Matanga yetu yana kazi ambazo watu huku hawana: kuna anayesoma, kuna anayesimulia, kuna wanaokaa tu, kuna chai inayozunguka. Zifanye zote kwa kipimo cha mtu mmoja. Soma Yasin au Zaburi, au sala unayoijua tangu utotoni. Hili si tambiko na miti haisikii. Unaomba unapoombea siku zote, ila leo umetenga muda. Kama huna dini, simulia. Mwambie uliyekuja naye, au jisemee mwenyewe, jambo moja la marehemu ambalo halimo kwenye wasifu uliosomwa kanisani. Jinsi alivyokuwa mchoyo wa sukari. Jinsi alivyokuwa akibeza redio. Wasifu wa mazishi humfanya kila mtu malaika, na malaika hawakumbukiki.

Halafu piga simu. Ni saa nane mchana kwao, kama nilivyosema. Usipige ya video kwa kundi zima. Chagua mtu mmoja ambaye alikuwepo na alisimama karibu: shangazi, mjomba, binamu aliyebeba jeneza. Mwamkie kama kawaida, shikamoo zote na habari zote, kisha mwombe akusimulie siku ile toka asubuhi. Nani aliosha mwili. Kaburi liko upande gani wa mwembe. Mvua ilinyesha? Nani alilia kuliko wote, maana daima yupo na daima si uliyemtarajia. Nani aligombana kuhusu ng'ombe. Msikilize tu. Wengi waliokosa mazishi hawajawahi kuhadithiwa kwa sababu kila simu ya siku zile ilikuwa ya pesa. Mwenye kuhadithia naye hupata nafuu. Alikuwa amebanwa na mambo ya jikoni na wageni, hakuna aliyemuuliza aliona nini.

Ukimaliza, kunywa chai. Kaa mpaka miguu ichoke.

Ya kutofanya: usivunje tawi wala kuchuma ua, ni kosa kisheria na mti wa kale hauponi vizuri jeraha hilo, usipande juu, usitupe barua, chetezo wala majivu majini. Petali zilizoanguka unaweza kuzikanyaga, huna namna ya kuzikwepa.

Hatua ya 8: Usiifuatishie asubuhi hiyo kazi

Kosa la kawaida ni kutoka pale moja kwa moja hadi zamu ya saa tatu. Ukiweza, rudi nyumbani ulale. Uombolezaji wa makusudi unachosha mwili kuliko ule wa kushtukizwa, na jioni ya siku hiyo watu wengine huwa wakali bila sababu. Waambie wa nyumbani mapema. Pika alichokipenda marehemu, hata kama ni dagaa na jirani atalalamika. Ukitaka kutoa sadaka kwa jina lake, itoe siku hiyo.

Ukikosa siku

Kuna aina ya pili, Kwanzan, yenye maua mazito ya waridi yenye petali nyingi, ambayo huchanua kama majuma mawili baada ya Yoshino. Ipo mingi kwenye bustani ya East Potomac, rasi iliyo kusini ya Jefferson, na huko watu ni wachache. Bustani ya miti ya taifa, National Arboretum, ina aina nyingi zinazopishana kwa majuma kadhaa, haina kiingilio na ina maegesho. Kwa mzee anayetembea kwa shida ningemchagulia hapo bila kufikiri mara mbili. Mtaa wa Kenwood, Bethesda, una Yoshino zaidi ya elfu moja zilizofunika barabara, ila ni mbele ya nyumba za watu, haifai kutandika mkeka.

Na kama unaumwa au huwezi kutoka, kuna kamera ya mtandaoni inayoonyesha Tidal Basin moja kwa moja wakati wa msimu. Mwaka 2020, mji ulipofunga barabara za kwenda huko kwa sababu ya korona, watu wengi waliyaona maua hivyo hivyo, mwaka ule ule ambao marehemu wengi walizikwa na watu kumi.

Maua yasipotosha

Ikiwa miezi imepita na hulali, huli, umeanza kunywa ili usinzie, au unafikiria kumfuata marehemu, usisubiri machipuko. Marekani namba ya simu ni 988, saa zote, bila malipo, kwa kupiga au kwa ujumbe. Unaweza kuomba mkalimani ukipiga. Hospitali nyingi na mashirika ya kuhudumia wagonjwa wa mwisho yana vikundi vya waliofiwa, hata kama marehemu hakutibiwa kwao. Kumwambia mchungaji au imamu ni vizuri, na kumwambia daktari ni vizuri vilevile. Kimoja hakizuii kingine.

Kwa walio miji mingine

Newark, New Jersey, kuna Branch Brook Park yenye miti ya cheri zaidi ya 5,000, mingi kuliko Washington, na kilele chake huja Aprili. Toronto nenda High Park, kwenye miti iliyotoka kwa watu wa Tokyo mwaka 1959; huko ni mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Copenhagen kuna barabara ya cheri ndani ya makaburi ya Bispebjerg, Aprili, na ukienda kumbuka kuwa wengine wamekuja kuzuru kaburi la jana. Bonn, mitaa ya mji wa kale hufunikwa na Kwanzan katikati ya Aprili, lakini ni nyembamba na hufurika watu, kwa hiyo alfajiri ni lazima. Aliye Nairobi au Arusha hana haja ya kutafuta cheri: mijakaranda inachanua kuanzia Septemba au Oktoba na kumwaga maua yake ya zambarau barabarani kwa majuma kadhaa, na hatua zote za hapo juu zinafaa, isipokuwa ile ya simu.